Vidonge vya mafua vya kupatia stimu: si bangi, haramu iko wapi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni mama, naishi Ngarenaro, Arusha. Usiku mmoja nilimkuta mwanangu wa miaka 18 amekaa kitandani anaokota vitu hewani na kuongea na baba yake, ambaye tulishamzika. Mwili unachemka lakini jasho hamna. Tukajua ni majini. Ustadhi akaja kumsomea hadi alfajiri, nami nikamnywesha maziwa. Kesho yake nikakuta chini ya godoro karatasi tupu za vidonge vya mafua. Anasema kijiweni wanavimeza ili wapate stimu, na ananijibu: "Mama, hii si bangi wala pombe, inauzwa duka la dawa." Je, ni haramu? Na sala zilizompita?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Mama yangu, nianze na usiku ule, hukumu itasubiri.

Mwili wa moto usio na jasho, mdomo mkavu, mboni zilizotanuka, mtu kuona wasiokuwepo: dalili hizo daktari anazijua. Dawa za mzio za zamani, kama klofeniramini na difenihidramini, ambazo hutiwa pia kwenye vidonge vya mafua, huzuia histamini inayoleta chafya na kuwashwa, lakini haziishii hapo. Huzuia pia asetilikolini, ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe kwenye ubongo, tezi za jasho, kibofu na moyo. Kipimo kikizidi, moyo unakwenda mbio na mkojo unaweza kugoma. Kikizidi zaidi, hasa difenihidramini, umeme wa moyo unavurugika, mapigo yanakosa mpangilio, degedege linaweza kumshika, na hata kijana mzima wa afya anaweza kufa. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya habari za vijana kulazwa na wengine kufa kwa kushindana kuimeza.

Sisemi majini hayapo, Qur'ani imeyataja. Wala simlaumu ustadhi, kumsomea mgonjwa ni kheri. Ila mngesoma mkiwa ndani ya gari, mnaelekea hospitali ya Mount Meru. Maziwa hayaiondoi dawa hiyo, na mtu asiyejitambua akinyweshwa anaweza kupaliwa. Ikitokea tena, Allah apishe mbali, beba zile karatasi umpe daktari bila kuona haya.

Sasa hoja ya kijana. Si mpya hata kidogo. Wanazuoni wa zamani waliijadili walipozungumzia banji (siyo bangi yetu hii), mmea uliotumika kama dawa, na ambao ukizidi huondoa akili. Ajabu ni kwamba nao huzuia asetilikolini hiyo hiyo. Imamu Nawawi, wa madhehebu yetu ya Shafi, alieleza kuwa mimea ya namna hiyo si najisi kama ilivyo pombe, lakini kuila ili kulewa ni haramu. Kwa hiyo kidonge kikiwa mfukoni hakimharibii mtu sala yake. Kimoja cha mafua, kwa kipimo, ni halali hata kikimpa usingizi. Kumi vya kutafuta stimu ni haramu, viwe vimenunuliwa wapi. Katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud, Ummu Salama (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kila kinacholevya na kinacholegeza. Na Allah anasema: "Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo" (2:195).

Muuzaji naye, akimwona kijana yule yule anarudi kila jioni kuchukua karatasi tatu, na pua yake kavu, anajua anachokiuza. Anashiriki dhambi.

Sala zilizompita azilipe zote. Aliyeondolewa akili na kitu alichokitaka mwenyewe, tena cha haramu, hana udhuru. Kabla ya kuanza kuzilipa, mpeleke apimwe moyo, na umwache amweleze daktari idadi ya vidonge kwa mdomo wake mwenyewe, wewe ukisubiri nje.

Wallahu a'lam.