Usiruke hizo rezista, nilizipuuza nikapinda kono la pistoni

Acha kwanza! Hilo boksi la kuendesha injini (ECU) ulilojiundia usilifunge kwenye gari. Umeuliza kuhusu soketi, kasha, sensa ya krenki na namna ya kunakili ramani ya mafuta ya boksi la zamani, lakini kilichonishtua ni pale ulipomalizia: rezista za kwenye geti, yaani mguu unaoamrisha mosfeti (transista inayofungua na kufunga nozeli ya mafuta), umeziacha kwa sababu programu inazima pini zote za chipu ikianza. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Ikianza, sawa. Kabla haijaanza je? Chipu ikiwa kwenye riseti (imeshikiliwa isianze kazi), au unapoipakia programu mpya, pini zinaelea, haziko juu wala chini. Geti ya mosfeti inashika chaji kama kapasita ndogo, na zile za bodi hizi nyingi huanza kufunguka kwa volti mbili hivi. Nozeli nayo inapata volti 12 mara tu ukiwasha swichi ya gari. Kazi ya boksi ni kuipa hasi tu. Geti ikielea, nozeli inaweza kufunguka na hakuna wa kuifunga.

Nilikaa kwenye siti, laptopu magotini, napakia programu. Pampu ya mafuta nilikuwa nimeiunga moja kwa moja na swichi, kwa hiyo presha ilikuwepo. Nikasikia "tak" moja ya nozeli kufunguka, nikapuuza. Upakiaji ukakwama, nikarudia mara mbili, halafu nikapiga stata. Injini ikagota papo hapo. Mlio ule sijausahau.

Piga hesabu. Nozeli ya mililita 250 kwa dakika inamwaga zaidi ya mililita 4 kila sekunde. Silinda ya mililita 400 yenye mgandamizo wa 9 kwa 1 inabakiza mililita 50 tu pistoni ikifika juu. Sekunde 12 zinatosha kuijaza! Yangu ilimwaga kwa dakika kadhaa. Petroli haigandamizwi kama hewa, kwa hiyo kilichopinda ni kono la pistoni.

Aliyeniuzia mchoro wa bodi nilimrudia, akanijibu eti kwake halijawahi kutokea. Lingetokeaje? Bodi yake aliijaribu mezani kwa taa za LED, haijawahi kugusa injini! Nina hasira naye mpaka leo, maana anajua fika watu wanaifunga kwenye magari ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena.

Weka rezista ya omu 10,000 kutoka kila geti hadi hasi. Nozeli zote, koili zote za plagi. Koili inajaa kwa milisekunde 3 hivi; ikiachwa na umeme sekunde kadhaa inaungua pamoja na transista yake. Kisha, boksi likiwa mezani, weka balbu za gari za volti 12 mahali pa nozeli, shikilia kitufe cha riseti, washa umeme. Balbu hata moja ikiwaka, japo kwa kufifia, hujamaliza. Na kila unapopakia programu, chomoa fyuzi ya pampu, hata kama umebadilisha mstari mmoja tu.

Soketi ing'oe kwenye boksi la zamani uitumie hiyo hiyo. Hayo mengine niulize tena ukishaniwekea picha ya balbu zote zimezimika.