Pembua Kiraka Kabla ya Kukisoma

Juzi dada mmoja aliyeajiriwa karibuni kwenye timu ya programu aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepewa kiraka cha mistari elfu sita nikikague kabla ya Ijumaa. Nikikifungua kwenye kivinjari laptop inaganda. Naanzia wapi?" Kiraka ni faili linaloonyesha mabadiliko ya msimbo yanayosubiri kuingia kwenye mfumo. Nikaitikia marahaba, nikaanza kumjibu, jibu likarefuka mpaka nikaona heri niliweke hapa. Najua wengi wenu mnatamani kile ninachokitamani mimi: kufika mahali msimbo hauingii kwenye mfumo mpaka wewe umeupitia.

Toka kwenye kivinjari. GitHub yenyewe, tovuti ya kutunzia msimbo, hugoma kuonyesha mabadiliko makubwa mpaka uyabofye faili moja moja, na kwa laptop zetu hizi za mtumba hiyo ni adhabu. Kama repo (hifadhi ya msimbo) ni ya wazi, ongeza `.diff` mwishoni mwa anwani ya ombi la kuunganisha (pull request), uivute kwenye terminal kwa `curl -L`, utapata maandishi matupu ambayo hayali bando. Kama ni ya kazini, andika hivi:

`git diff main...tawi > kiraka.diff`

Zile nukta tatu zina maana yake: zinakupa yaliyobadilika kwenye tawi, yaani nakala anayofanyia kazi mwandishi, tangu lilipoachana na main, tawi kuu, bila kukuchanganyia yaliyoingia main baadaye. Mkononi una faili la maandishi. Mstari wenye `-` umetoka, wenye `+` umeingia, na `@@` inakuambia kipande kinaanzia wapi. Larry Wall alitoa programu ya `patch` mwaka 1985, na muundo huu tunaousoma leo ulikuja mwaka 1990. Zana zilizojengwa juu yake ni nyingi kuliko tunavyofundishwa vyuoni.

Sasa niwasimulie, maana ushauri bila kisa hauingii.

Kuna mahali niliwahi kufanya kazi, tukitengeneza mfumo wa mikopo wa SACCOS. Kikaletwa kiraka chenye maelezo mafupi: usafi wa msimbo. Tabu zimegeuzwa kuwa nafasi, mabano yameshushwa mstari, faili karibu zote zimeguswa. Mkuu wa timu akaandika kwenye kundi, "Ni mambo ya mpangilio tu, pitisheni tuendelee." Wenzangu wakapitisha. Mimi nikaandika `git diff -w --stat main...tawi`. Ile `-w` huiambia git ipuuze tofauti za nafasi, na `--stat` hutoa orodha ya faili na kiasi cha mabadiliko. Orodha iliyokuwa ikijaza skrini ikabaki faili chache, nyingi zikiwa za mabano. Moja ilikuwa ya kukokotoa faini ya marejesho.

Nikaifungua hiyo peke yake kwa `git diff -w --word-diff`, inayoonyesha neno lililobadilika badala ya mstari mzima. Pale penye siku za kuchelewa, `>` ilikuwa imegeuka `>=`. Alama moja. Maana yake mwanachama aliyepewa siku saba za msamaha angetozwa siku ya saba yenyewe. Mama wa genge aliyepanga kulipa Jumatatu angekuta faini tayari imepanda, na angeambiwa mfumo ndio unavyosema.

Nikaripoti. Jibu nililopewa mbele ya wenzangu: "Wewe unapenda kuchelewesha timu." Kisha ile alama ikarekebishwa kimyakimya, na kwenye kikao cha mwisho wa mwezi akasifiwa mwingine kwa umakini. Sikusema kitu. Nakiri mpaka leo nikikumbuka kikao kile shingo inaniwaka. Lakini tangu siku hiyo hakuna anayenishawishi kwamba kiraka ni cha "mpangilio tu" kabla sijakipitisha kwenye `-w`. (Kwa Python kuwa mwangalifu. Kule nafasi za mwanzo wa mstari zina maana, na `-w` inaweza kukuficha kitu. Punguza kelele nayo, kisha faili za Python uzisome tena bila hiyo.)

Basi rudi kwenye mistari elfu sita. Mtu anayejua kupika hamimini mchele sufuriani bila kuupembua kwenye ungo. Ungo wako unaitwa patchutils, kazi ya Tim Waugh, na kwenye Ubuntu au Debian unausimika kwa `sudo apt install patchutils`. Ndani yake anza na `lsdiff -s kiraka.diff`. Inakuorodheshea faili zilizoguswa: `+` mpya, `-` iliyofutwa, `!` iliyobadilishwa. Mimi husoma orodha hii kwanza, hata kabla ya maelezo ya mwandishi. Faili iliyofutwa ambayo maelezo hayaitaji, hapo ndipo ninapoanzia.

Kisha ondoa yaliyoandikwa na mashine:

`filterdiff -x '*/package-lock.json' -x '*.min.js' kiraka.diff > kidogo.diff`

Mara nyingi hapo kiraka kinakatika nusu au zaidi, maana faili za kufuli za vifurushi hujaa mistari ambayo hakuna binadamu aliyeiandika. Usizisahau moja kwa moja, zina siku yake, ila zisikuzibie macho. Ukitaka kinyume, yaani kubakiza folda moja tu, tumia `-i`. Na hapa ndipo wengi hukwama, wakaiacha zana wakidhani ni mbovu: majina kwenye kiraka cha git yanaanza na `a/` na `b/`, hivyo `filterdiff -i 'src/*'` haitoi kitu. Andika `filterdiff -p1 -i 'src/*'`, ile `-p1` inakata hicho kiambishi cha mwanzo.

Ninayoipenda kuliko zote ni `grepdiff`. Ukiandika `grepdiff --output-matching=hunk 'faini' kiraka.diff` inakuletea vipande vyenye neno hilo tu, vikiwa na vichwa vyake. Kwenye mfumo wa fedha mimi hutafuta faini, riba, salio, na nenosiri. Kila timu ina maneno yake ya hatari, yaandike mahali. Matokeo yapitishe kwenye `colordiff | less -R` upate rangi. Kama msimbo umehamishwa tu kutoka faili moja kwenda nyingine, `git diff --color-moved` itaupaka rangi tofauti na uliobadilishwa kweli.

Nawasikia mkisema, "Kaka, haya yote ya nini? Kuna vitufe." Ndugu zangu, kitufe cha kupitisha kimewaponza wengi. Mnataka mshahara wa mkaguzi na hamtaki kukagua. Mwaka 2024 dunia nzima ilipata somo kwenye xz, programu ya kubana faili iliyomo karibu kila Linux, ambamo mtu alificha mlango wa siri. Ndani ya `CMakeLists.txt` kulikuwa na jaribio la kuangalia kama Landlock, ulinzi wa Linux unaoizuia programu kugusa isivyoruhusiwa, upo, na katikati ya jaribio hilo mtu huyo akaweka mstari wenye nukta moja peke yake. Kwenye kiraka ulionekana hivi: `+.` na basi. Nukta ile ilifanya jaribio lishindwe kila mara, ulinzi ukazimika. Mlango wa siri wenyewe uligunduliwa kwa njia nyingine, pale mhandisi Andres Freund alipoona ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, inachelewa kama nusu sekunde akaanza kuchimba. Sehemu ya kuuwasha haikuwa hata kwenye git, ilikuwa kwenye faili `build-to-host.m4` ndani ya kifurushi cha matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Kwa hiyo ukipakua kifurushi cha mtu, kifungue, na ukipambanishe na repo yake kwa `diff -ruN`. Vifurushi hubeba faili za ziada kwa kawaida, ndiyo, lakini `lsdiff` itakuonyesha ni zipi.

La mwisho, toleo la pili. Umetoa maoni, mwandishi anarudi na ujumbe, "Nimerekebisha ulichosema." Usianze kusoma upya mistari elfu sita, wala usimwamini kwa mdomo. Kama ulihifadhi kiraka cha kwanza, `interdiff v1.diff v2.diff` inakuonyesha kilichobadilika kati ya viraka viwili. Kama mnafanya kazi ndani ya git, `git range-diff` iliyokuja na toleo la 2.19 inalinganisha mfululizo wa komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za zamani na mpya. Mara nyingi utakuta ulichoomba kimefanyika, na pembeni yake kuna kipande kingine ambacho hakuna aliyekiomba. Nakili kipande hicho, kibandike kwenye maoni, umuulize mwenye kiraka ni cha nini. Mpaka ajibu, usipitishe, hata mkuu wa timu akiandika nini kwenye kundi.