Msafiri Anajibu: Kwa baiskeli na kwa miguu bonde la Dordogne

Toleo lililopita niligusia kwamba naishi Bergerac, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na barua za mwezi huu karibu zote zimekimbilia huko. Wengine mmeandika Dordogne, wengine Périgord. Mko sawa nyote: la kwanza ni jina la mto na la mkoa, la pili ni la kale na wenyeji hawajaliacha. Nimechagua barua nne.

Shikamoo Mama Msafiri. Binti yetu anasoma Bordeaux. Mimi na mzee wangu tunakwenda kumtembelea Juni, na tuna wiki moja ya kuzunguka. Tumepanga Saint-Émilion, Sarlat, Lascaux, Rocamadour, makasri yote ya mtoni, tumalizie na bahari ya Arcachon. Tungependa baiskeli. Sote tumevuka hamsini. Tutaweza? – Mama wa Arusha

Marahaba, mwanangu. Baiskeli mtaiweza. Orodha hiyo ndiyo hamtaiweza, na hata binti yenu angeshindwa. Futeni Arcachon, bahari nzuri tunayo nyumbani. Rocamadour iko mkoa wa jirani, Lot, nayo iacheni. Saint-Émilion ni safari fupi ya treni kutoka Bordeaux, kwa hiyo nendeni na binti asubuhi na mrudi jioni. Ila stesheni yake iko nje ya mji, katikati ya mizabibu, na mtatembea kidogo.

Siku zilizobaki zote kaeni Sarlat. Treni ya mkoa, TER, inatoka Bordeaux Saint-Jean na kuishia hapo hapo, safari isiyofika saa tatu. Tafuteni nyumba ya kupanga, wenyewe wanaiita gîte. Wakati wa msimu nyingi hukodishwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya gulio kubwa la Sarlat (dogo ni Jumatano). Mkishatua mizigo, pitieni kanisa la zamani la Sainte-Marie. Siku hizi ni soko la ndani, na msanifu Jean Nouvel, ambaye alikulia huko huko, amelitilia milango miwili ya chuma mirefu ajabu. Kwenye mnara wake mna lifti ya kioo ya kuwapandisha juu ya mapaa ya mji. Mapaa hayo ni ya mawe bapa yaliyopangwa moja juu ya jingine, mazito kiasi kwamba mbao za chini yake lazima ziwe nene kama za jahazi.

Sasa baiskeli. Kusini mwa Sarlat inaanza njia iliyojengwa juu ya tuta la reli ya zamani. Magari hayaingii, na kwa kuwa treni haikuweza kukwea mlima mkali, nanyi hamtakutana na mlima mkali. Inateremka msituni hadi Carsac, inavuka mto pale Groléjac, kisha inafuata bonde kuelekea Souillac, kilomita zipatazo 25. Hamlazimiki kufika mwisho. Kumbukeni tu kwamba Sarlat iko juu na mto uko chini: asubuhi mtateremka mkiimba, jioni mtapanda kimya. Kodini baiskeli za umeme. Mzee atabisha mlangoni pa duka, mwacheni abishe, jioni atashukuru.

Jambo moja nalisisitiza. Msipite kwa baiskeli barabara ya D703 kati ya Vitrac, La Roque-Gageac na Beynac wakati wa msimu. Ni nyembamba, jabali upande mmoja na mto upande wa pili, na magari-nyumba ya watalii yanawapita karibu na kiwiko. Vukeni daraja Cénac, mfuate barabara ndogo za ng'ambo ya kusini hadi Castelnaud. La Roque-Gageac yenyewe ionyesheni heshima kutoka majini: kodini mtumbwi, mwachie mkondo uwapeleke. Mtaona nyumba za rangi ya asali zimeegemea jabali, na juu yake mwamba mtupu. Mwaka 1957 kipande cha mwamba huo kiliporomoka, kikaua watu watatu.

Makasri yako mengi, nanyi chagueni mawili tu, Castelnaud na Beynac, maana yanatazamana. Katika Vita vya Miaka Mia mto ulikuwa mpaka, Castelnaud ikishikwa na upande wa Waingereza na Beynac upande wa Wafaransa. Castelnaud ina mitambo ya kurushia mawe iliyojengwa upya. Mkitaka kupanda Domme, mji wenye ngome ulioanzishwa 1281 juu ya jabali, hapo betri itajulikana kazi yake. Kushuka na kusukuma si aibu, hata vijana wenye suruali za kubana wanasukuma.

Lascaux mnayoisikia ni pango lenye michoro ya watu wa kale; liligunduliwa na vijana wanne mwaka 1940, likafungwa kwa umma 1963 kwa sababu pumzi na joto la wageni vilikuwa vinaharibu michoro. Mnachoonyeshwa leo Montignac ni nakala, nzuri sana, iliyofunguliwa 2016. Lakini mimi fedha yangu ningeipeleka pango la Font-de-Gaume, kijijini Les Eyzies. Pale michoro ni yenyewe. Mnaingia wachache wachache. Kiongozi anasogeza taa taratibu ukutani na ghafla mgongo wa nyati unatokea: mchoraji alitumia uvimbe wa mwamba kama nyama ya mnyama, rangi nyekundu ya udongo ikafuata. Nafasi za siku ni chache mno, binti awakatie tiketi mapema. Msiende kwa baiskeli, kuna vilima na magari. Chukueni teksi.

Kwa usalama: mnaendesha kulia, na kwenye kipilefti mnaingilia kulia na kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, mkiwapisha waliomo ndani. Vijijini, pasipo alama, anayetokea kulia kwenu ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitoka kichochoroni na trekta. Usiku nje ya mji kizibao kinachong'aa ni sheria. Na viza ya Schengen hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, bima yake isipungue euro 30,000. Msingoje Mei.

Mama Msafiri, kuna mtu kaniambia mwanamke mweusi aliwahi kumiliki kasri huko. Naona kama hadithi. – Msomaji, Bujumbura

Si hadithi. Josephine Baker, mchezaji na mwimbaji aliyezaliwa Marekani, St. Louis, mwaka 1906, alinunua kasri la Milandes mwaka 1947. Wakati wa vita alikuwa amefanyia kazi ujasusi wa Ufaransa huru, akapewa nishani. Pale Milandes alilea watoto 12 aliowaasili kutoka mataifa mbalimbali, akajenga hoteli, akajenga na bwawa la kuogelea. Madeni yakamzidi. Kasri likauzwa mwaka 1968, na mwaka uliofuata akatolewa nje. Ipo picha yake mashuhuri amekaa kwenye ngazi za jikoni, kofia kichwani, amejifunika blanketi. Alifariki Paris 1975. Tarehe 30 Novemba 2021 aliingizwa Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa Ufaransa, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mwili wake umebaki Monaco; jeneza lililobebwa lilikuwa na udongo, ukiwemo wa Milandes.

Ndani ya kasri utaona nguo zake za jukwaani na kile kibwebwe cha ndizi. Watu hujazana hapo. Mimi huwa nakawia zaidi bafuni na jikoni. Kutoka Castelnaud kwa baiskeli ni karibu, ila kasri liko kilimani.

Habari yako. Napenda kutembea kwa miguu, nimezoea Ngong na Aberdare ambako unakuwa na mwenyeji. Huko nitatembeaje peke yangu bila kupotea? Na wenye mashamba hawatanifukuza? – Msomaji, Nairobi

Nzuri. Huko mwenyeji wako ni rangi. Mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, ni njia ndefu za GR. GR 64 kwa mfano inapita Domme na Groléjac kwenda Rocamadour. Mstari wa njano ni mizunguko mifupi ya kijiji, unatoka kanisani asubuhi na kurudi kanisani mchana, na kwa siku ya kwanza anza na hiyo. Alama imepakwa kwenye mti, nguzo au pembe ya ukuta. Ukikuta rangi zimekatizana kama msalaba, umekosea njia, rudi ulikotoka. Nunua pia ramani ya IGN, idara ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25 000, kwa sababu simu kwenye mabonde hayo mtandao unakatika.

Njia za umma hupita kando ya mashamba na hata uani mwa watu, na hakuna atakayekufukuza ukisalimia. Salamu kule si hiari. Ukikuta geti limefungwa, lifunge ukishapita. Oktoba utakanyaga kokwa za jozi zilizoanguka toka bustani za watu. Zina mwenyewe, na ni zao la biashara lenye alama rasmi tangu 2002.

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa kuwinda. Wawindaji huweka kibao cha tahadhari barabarani. Ukikiona, geuza, usijaribu ushujaa. Vaa rangi ya chungwa. Majira ya joto hatari yako ni kupe, basi suruali ndefu, na ujikague jioni.

Assalaam aleikum. Nasikia huko kila kitu ni bata. Sisi tunakula halali tu. Tutashinda na njaa? – Msomaji, Muscat

Waaleikum salaam. Uliyesikia kwake hakukosea. Bata wa kupikwa polepole kwa mafuta yake, ini la bata, firigisi za bata kwenye saladi. Hata viazi mviringo vyao vya kitunguu saumu vinavyoitwa pommes sarladaises vimekaangwa kwa mafuta ya bata, na kimanda cha uyoga mara nyingi hivyo hivyo. Usiridhike na kuambiwa hakina nyama, uliza mafuta ni ya nini.

Ushauri wangu ni gîte yenye jiko. Nunua nyama Bordeaux, bucha za halali zipo za kutosha, ibebe kwenye mfuko wa barafu. Mengine gulio linayo: stroberi, nyanya, mkate, mayai, asali, mafuta ya jozi ya kunyunyizia saladi. Tahadhari ni saa tu. Maduka mengi ya vijijini yanafunga saa sita mchana, mikahawa inapika hadi saa nane kisha jiko linazimwa, na Jumapili mchana hadi Jumatatu utakuta mji mzima umefunga madirisha. Ukitoka na baiskeli, chakula cha mchana kiwe tayari kwenye kikapu kabla ya saa tano na nusu.