Puto la China: maswali yenu, majibu yangu

Maswali kuhusu puto la China lililotunguliwa Marekani Februari 2023 bado yanamiminika. Marekani ilisema ni la kijasusi, China ikasema ni la hali ya hewa. Nimechagua machache, mengi ya yaliyobaki yanarudia yale yale.

Kwa nini Marekani iliacha puto lipite nchi nzima, ikaja kulitungua baharini? Si woga huo? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili linarudi kila wiki, na wanaoliuliza hawajajishughulisha kujua ukubwa wa kitu chenyewe. Puto lilikuwa na kimo cha futi 200 hivi, na mzigo ulioning'inia chini yake ulikaribia tani moja. Lilielea zaidi ya kilomita 18 juu. Lilipokuwa jimbo la Montana, makamanda walimshauri Rais Biden asiruhusu lipigwe, kwa kuhofia vipande kuwaangukia watu. Tarehe 4 Februari, ndege ya kivita ya F-22 ikalipiga kwa kombora moja karibu na pwani ya Carolina Kusini, na mabaki yakatapakaa eneo la maili 7 hivi. Kina cha maji pale ni futi 47 tu, kwa hiyo wapiga mbizi waliyafikia. Kuangusha tani moja juu ya nyumba za watu ili uonekane jasiri ni uzembe.

Bunduki ya kawaida ingelifikia?

Hapana. Ofisi ya sherifu wa kaunti ya York, Carolina Kusini, ililazimika kuwasihi wananchi wasijaribu. Na ninyi mnaofyatua risasi hewani harusini na mkesha wa mwaka mpya, acheni. Risasi ikipanda lazima ishuke, na inaua.

Nimetumiwa video ya puto likilipuka juu ya mji wa Billings. Ni ya kweli?

Si ya kweli. Billings iko Montana, na puto lilionekana pale tarehe 1. Lilitunguliwa siku tatu baadaye juu ya bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Nawaomba tena: kabla hujaituma kwenye kundi la familia, angalia tarehe na mahali.

Vile vitu vitatu vilivyopigwa baadaye, Alaska, Yukon na Ziwa Huron, havikuwa viumbe wa sayari nyingine? Mbona jenerali mwenyewe hakukana? (Msomaji, Mombasa)

Jenerali VanHerck, aliyesimamia ulinzi wa anga ya Marekani na Kanada wakati huo, aliulizwa kuhusu viumbe hao akajibu kwamba bado hajaondoa uwezekano wowote. Kesho yake Ikulu ya Marekani ikasema hakuna dalili yoyote ya viumbe. Tarehe 16 Biden akaeleza kwamba huenda vilikuwa vya kampuni binafsi, vya burudani au vya watafiti. Baada ya puto la kwanza, rada zilirekebishwa zione hata vitu vidogo vinavyokwenda polepole, basi vikaonekana. Klabu moja ya Illinois inayorusha maputo madogo ilipoteza mawasiliano na puto lake karibu na Alaska siku hizo hizo.

Lakini sitawalaumu wasomaji peke yao. Puto kubwa liliingia anga ya Alaska tarehe 28 Januari. Jeshi lilitangaza tarehe 2 Februari, wakati raia wa Montana wameshalipiga picha. Siku zote hizo zilikuwa shamba la uvumi, na waliolilima ni wakubwa waliokaa kimya. Wana historia ya kuficha. Mwaka 1947 mabaki ya kitu kilichoanguka yalipookotwa Roswell, Marekani, jeshi lilisema ni puto la hali ya hewa. Ilipofika 1994 ndipo Jeshi la Anga likaeleza kwamba yaelekea yalitoka kwenye mradi wa siri wa maputo ya kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Mwaka 1960 ndege yao ya kijasusi ya U-2 iliangushwa Urusi, Washington ikasema ilikuwa ikichunguza hali ya hewa, hadi Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, alipotangaza kwamba rubani amekamatwa akiwa hai.

Kwa hiyo China ilisema kweli kwamba lilikuwa la hali ya hewa?

Siamini. Puto la kawaida la hali ya hewa hupasuka baada ya saa mbili hivi. Hili lilivuka bara zima likiwa na antena na paneli za jua. Ila Juni 2023 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, yenyewe ilisema halikukusanya taarifa za kijasusi lilipokuwa juu ya Marekani. Waliopiga kelele Februari wengi hawakurudi kusoma hilo.

Mwaka 2020 tuliona kitu cheupe kikielea juu sana. Nasi tulipelelezwa? (Msomaji, Nakuru)

Yaelekea mliona puto la Loon. Mwaka huo kampuni hiyo ilishirikiana na Telkom Kenya kuleta intaneti kwa maputo yanayoelea kilomita 20 hivi juu, na serikali iliruhusu. Mradi ulifungwa 2021.

Kombora moja ni bei gani?

Zaidi ya dola 400,000. La kwanza lililorushwa Ziwa Huron lilikosa shabaha.