Betri haimalizwi na chipu ya mguso

Wewe unayeanza kuunda vifaa vya kuguswa vinavyotumia betri, kabla hujaanza kulinganisha chipu hii na ile, jifunze kupima mkondo wa bodi nzima ikiwa imelala. Natamani kila kijana anayeingia kwenye kazi hii aanzie hapo.

Chukua TTP223 ya kampuni ya Tontek ya Taiwan, chipu ya kitufe kimoja inayouzwa ikiwa tayari kwenye bodi ndogo. Kwa volti 3, katika hali ya kuokoa nishati, datashiti yake, yaani karatasi ya vipimo vya mtengenezaji, inataja mikroampia 1.5 kwa kawaida na 3 kwa upeo. Betri bapa ya CR2032 hubeba takriban miliampia-saa 220. Gawanya kwa huo upeo wa 3, utapata saa zaidi ya 73,000, yaani miaka minane na ushei. Kwa hesabu hiyo, chipu siyo inayokumalizia betri.

Sasa geukia vilivyoizunguka. Regyuleta ya AMS1117, yaani kipande kinachoshusha na kutuliza volti, iliyojaa kwenye bodi za majaribio, hula yenyewe miliampia 5 hivi hata kama hakuna kinachofanya kazi mbele yake. Betri ya lithiamu ya miliampia-saa 2000 itakauka kwa saa 400. Hata siku 17 hazitimii. Weka regyuleta ya MCP1700, ambayo hujitosheleza kwa mikroampia 1.6 hivi, na tatizo hilo limekwisha. Halafu kuna zile rezista mbili za kilo-omu 100 tunazoziweka ili mikrokontrola, chipu inayoendesha kifaa, isome volti ya betri. Betri ikiwa na volti 4.2, zinapitisha mikroampia 21 usiku na mchana, mara saba ya upeo wa chipu uliyohangaika kuichagua. Tumia za mega-omu moja, uweke kapasita (kipande kinachohifadhi chaji) ndogo kwenye pini ya kusomea. Na kitaa cha LED kilichopo kwenye bodi ya mguso, king'oe.

Kupima mikondo midogo hivi kunahitaji uangalifu. Chipu hulala, huamka kwa mpigo mfupi, hupima, hulala tena, kwa hiyo namba ya mita inaweza kurukaruka usijue ushike ipi. Isitoshe, kwenye safu ya mikroampia mita yenyewe hupunguza volti, na mikrokontrola ikiamka ghafla inaweza kuzimika. Mimi hupendelea kapasita. Chaji ya mikrofaradi 1000, iunganishe na bodi badala ya betri, kisha pima muda volti inavyoshuka. Mkondo wa mikroampia 3 utaishusha volti moja kwa dakika tano na nusu hivi, na hapo mipigo yote imeshahesabiwa ndani. Kwanza pima kapasita ikiwa peke yake, maana nayo huvuja, utoe uvujaji huo kwenye jibu.

Uokoaji wa nishati una gharama yake, nayo ni wepesi wa kuitikia. TTP223 ikiwa imelala huitikia kwa milisekunde 220 hivi. Ikiwa macho, 60. Mteja anayegusa kwa kudonoa ataona kitufe kizito. Chipu ya MPR121 yenye elektrodi 12, yaani sehemu 12 za kuhisi mguso, hutumia mikroampia 29 ikipima kila milisekunde 16, na CR2032 itaihudumia kama miezi kumi tu. Kwa taa ya kabati, chagua usingizi. Kwa kifaa cha kuandikia namba, lipia wepesi.

Jambo linalowasumbua wengi zaidi ni hili: kitufe kinafanya kazi vizuri mezani, kikifungwa kwenye kasha kinakuwa kigumu. Mara nyingi sababu ni kwamba waya wa USB uliokuwa mezani umechomolewa. Chipu hupima kapasitansi ndogo ambayo kidole huongeza, na mkondo wa kipimo hicho sharti upate njia ya kurudi kupitia mwili wa mtu na ardhi. Kompyuta iliyochomekwa ukutani huipa graundi ya bodi yako (upande hasi wa saketi) njia hiyo. Ukichomoa, bodi inaelea, na mguso uleule unaonekana dhaifu. Kwa hiyo rekebisha wepesi wa kuhisi kifaa kikiwa kwenye betri yake, ndani ya kasha lake, kimewekwa juu ya mbao na tena kimeshikwa mkononi. Kwenye TTP223 marekebisho hufanywa kwa kapasita kati ya pini ya kuhisi na graundi, hadi pikofaradi 50. Ukiongeza, wepesi wa kuhisi unapungua.

Usiache hewa kati ya elektrodi na kasha. Gundisha kabisa. Usitandaze shaba ya graundi nzimanzima chini ya elektrodi. Ichore kama wavu, au iondoe. Na kwa kifaa kitakachotumika Pwani, kijaribu kwa vidole vyenye jasho na kwa matone ya maji juu ya kasha, maana tone likiunganisha vitufe viwili, chipu haina namna ya kujua kwamba hakuna kidole.

Unapoweka betri, ondoa kidole kwenye kitufe. TTP223 huhitaji kama nusu sekunde kutulia na kujipimia hali ya kutoguswa. Andika hilo kwenye karatasi ya maelekezo ya mteja, karibu na mchoro wa mahali pa betri, kwa sababu mkono unaoshikilia kasha ili kulifunga mara nyingi hutua palepale.