Mwiba kooni na matonge ya mama mkwe

SWALI: Daktari, juzi jioni nilikuwa nakula kichwa cha tilapia hapa kwetu Kadutu, mwiba ukanikwama kooni. Mama mkwe akanimezesha matonge matatu ya bugali bila kutafuna, halafu ndimu. Maumivu yamepungua, lakini kila nikimeza mate panachoma upande wa kulia. Nifanye nini? Na vichwa niviache? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Dada, kichwa hakina kosa. Anayekula kichwa hukichambua kwa vidole, ananyonya jicho, anatema mfupa wa shavu. Anajua yuko kwenye mifupa. Wengi ninaowatoa miiba walikuwa wanamega mnofu na bugali huku wanapiga soga. Na sambaza, zile samaki ndogo za Ziwa Kivu, endeleeni kuzila nzima na vichwa vyake, kalsiamu iko kwenye hiyo mifupa mnayotaka kuitupa.

Kinachonichosha ni tonge. Mara nyingi mwiba hujichoma kwenye findofindo au kwenye shina la ulimi, mahali ninapouona kwa taa na kuutoa kwa koleo kabla hujamaliza kulalamika. Tonge likipita juu yake linaukandamiza uzame nyamani, au linaushusha kwenye umio, na huko taa yangu haifiki. Ndiyo, kuna siku unashuka salama, na hao walionusurika ndio wanaowafundisha majirani. Aliyetobolewa umio, usaha ukamshukia kifuani karibu na moyo, hana nafasi ya kusimulia. Ndimu nayo? Tindikali hulainisha mfupa ukiulowesha muda mrefu. Kooni inapita mara moja tu, inakuunguza kidonda basi.

Halafu kuna wanaokupaka mafuta shingoni, wanakanda, wanakuambia ufumbue mdomo, na mwiba huo hapo mbele ya ndugu! Mgonjwa mmoja aliniletea wa kwake amefunga kwenye kikaratasi. Ulikuwa mkavu, mweupe, kama umeanikwa juani wiki nzima. Wa kweli niliukuta mahali pake, nyuma ya findofindo, umezungukwa na usaha. Siku tano alizilipia kwa mtu yule.

Kwako wewe, huenda mwiba umeshatoka na umebaki mkwaruzo, maana mkwaruzo nao huchoma siku moja mbili. Lakini hilo halijulikani ukiwa jikoni. Panachoma upande uleule tangu juzi, kwa hiyo njoo, au nenda kwa daktari yeyote wa masikio, pua na koo. Wakikupiga picha ya kawaida ya eksirei wakasema ni safi, waombe bado waangalie kwa macho. Miiba mingi ya samaki haionekani kwenye picha hiyo. Homa, shingo kuvimba, mate kushindwa kumezeka, maumivu ya kifua au damu: usingoje kupambazuke.

Na ukitoka nyumbani, usile chochote, hata uji. Ikibidi tukulaze kwa dawa ya usingizi, tumbo lililojaa ni hatari, chakula kinaweza kupanda kikaingia mapafuni.