Samaki avaa champali: maswali yenu kuhusu michezo ya sikukuu chekechea

Sikukuu ikikaribia tu, simu yangu hujaa maswali yale yale: watoto wengi, pesa hakuna, na siku zimebaki chache. Haya hapa ya wiki hii. Mengine nimeyajibu kwa urefu, mengine kwa mkato, kadiri yalivyostahili.

Salaam alaykum mwalimu. Nafundisha PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, huku Likoni, Mombasa, nina watoto 38 na msaidizi mmoja. Mwalimu mkuu ataka michezo ya Idi lakini bajeti hana. Nianzie wapi?

Waalaykum salaam, mwenzangu. Anza kwa kuua foleni. Mtoto wa miaka minne ukimsimamisha nyuma ya wenzake ishirini, atajibunia mchezo wake mwenyewe, na mara nyingi ni kuvuta nywele za aliye mbele yake. Mwaka wangu wa kwanza niliwapanga wote mstari mmoja kwa mbio za ndimu kwenye kijiko. Hata mtoto wa kumi hajafika, wawili walishang'atana, mmoja amejikojolea, na ndimu moja ilikuwa inanyonywa kwa chumvi. Hiyo chumvi sijajua hadi leo ilitoka wapi.

Wagawe mafungu manne. Kila fungu na kituo chake, dakika kumi, kengele ikilia wanahama. Waombe kina mama wawili watatu waje kusimamia, na wiki mbili kabla mwambie kila mtoto alete kopo moja tupu kutoka nyumbani.

Kituo cha kwanza, kuvua samaki. Tandaza leso mlangoni, ifunge huku na huku kiasi cha kifua cha mtoto. Mpe fimbo ya mwanzi yenye kamba, na mwisho wa kamba funga kibanio cha nguo badala ya ndoana. Anarusha kamba ng'ambo ya leso. Wewe umechutama nyuma ya leso na samaki wa maboksi waliopakwa rangi. Unabana mmoja, unavuta kamba mara mbili kama samaki anayeng'ata, kisha unaachia. Vuta kweli, usione haya, kwa kuwa utamu wote uko hapo. Mwaka mmoja mtoto aliinua pindo la leso kuchungulia, akaziona ndara zangu, akawageukia wenzake akapiga kelele: "Samaki avaa champali!" Wakataka wote wachungulie, na uvuvi wa siku hiyo ukaishia hapo.

Kituo cha pili ni makopo: sita, matatu chini, mawili juu yake, moja kileleni. Mpira ni soksi iliyojazwa matambara. Wa miaka mitatu asimame hatua mbili tu kutoka kwenye makopo, wa miaka mitano hatua nne. Pitisha kidole kwenye mdomo wa kila kopo. Likikwaruza, lizungushie selotepu au lirudishe. Ukiyaweka juu ya saruji yatalia vizuri zaidi kuliko juu ya mchanga, na ile kelele ndiyo zawadi.

Cha tatu ni viatu vya vifuu. Nazi ikipasuliwa, nusu moja hubaki na macho matatu, na moja kati ya hayo ni laini, unalitoboa kwa msumari bila taabu. Nusu ya pili itakudai msumari wa moto. Piga msasa kingo, pitisha kamba, fundo libaki ndani. Mtoto anakanyaga juu, kamba iko kati ya vidole vya mguu, mkono mmoja umeshikwa na mtu mzima. Jozi nne zatosha.

Kituo cha nne ni mkeka, maji ya kunywa na chaki. Usikidharau. Bila kituo cha kupumzika hutafika saa nne.

Mwalimu, mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Kwenye sherehe iliyopita walicheza viti na muziki, akatolewa wa kwanza, akalia hadi tukarudi nyumbani Kongowea. Je, hajui kushindwa, au namdekeza?

Humdekezi, mama. Hebu uangalie mchezo wenyewe kwa macho yake: nyimbo nzuri inapigwa, wenzake wanacheza, kisha mtu mzima anamshika mkono na kumweka pembeni. Kosa lake ni lipi? Mtoto wa umri huo haji kushindana. Anachotaka ni zamu yake, na ikiisha anataka nyingine.

Mimi viti niliviacha, natumia mkeka. Muziki ukinyamaza, wote wakimbilie mkeka. Kila raundi naukunja kidogo, lakini mtoto hatoki hata mmoja. Mwisho wanabaki wamebanana juu ya kipande kama cha kuswalia, wameshikana viuno wasianguke, wanacheka hadi kwikwi. Mwambie mwalimu wake ajaribu, na ukweli ni kwamba mkeka mmoja ni rahisi kuubeba kuliko viti thelathini.

Mimi ni mjomba wa watoto watatu. Nimejitolea kuleta zawadi na vifaa: baluni, gololi, sumaku za mchezo wa samaki, na mabuyu. Nimesahau nini?

Mjomba, moyo wako ni mzuri ila orodha yako yanitia joto.

Sumaku ziache kabisa. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana tumboni zikabana utumbo katikati yake, na hapo ni kukimbizana na upasuaji. Kibanio cha nguo kinafanya kazi ile ile. Baluni inapopasuka, kile kipande laini ndicho kinachoziba koo, kwa hiyo watoto wa chekechea wasiachiwe. Zitundike juu ziwe pambo, na mtu mzima aokote vipande. Gololi waachie kaka zao.

Mabuyu yaniuma kuyakataza, maana mimi mwenyewe siyapiti sokoni Marikiti. Lakini ndani ya ile sukari nyekundu mna mbegu ngumu, na mtoto anayekimbia huku anamumunya mbegu ni hatari. Leta ndizi, au kaimati ukitaka watoto wakukumbuke. Kwa vitu vingine pima hivi: chukua kigogo cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu kikipenya humo, ni kidogo mno kwa mtoto mchanga, na wadogo zao watakuwapo.

Na usifungashe kwenye mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017. Kunja gazeti kama wafanyavyo wauza njugu.

Shule yetu ina Waislamu, Wakristo na Wahindu. Sherehe ya mwisho wa mwaka tuiite ya nani?

Iiteni ya watoto. Makopo hayana dini. Kinachohitaji ulizo ni chakula: nani hali nyama, nyama imechinjwa wapi. Muulize mzazi mapema, kwa simu, si mlangoni siku yenyewe.

Tuanze saa nane mchana, ili wazazi wa Nyali wawahi?

Hasha. Anzeni saa mbili u nusu asubuhi, mmalize saa nne. Hili joto la kaskazi linawamaliza watu wazima, sembuse watoto. Saa nane ni wakati wa kulala.

Mwalimu, mimi ni babu, nakaa Mji wa Kale. Nataka niwaundie wajukuu na wenzao tiara za sikukuu. Wataziweza?

Shikamoo babu. Tiara itawashinda. Kamba itawazonga, na zile nyaya za umeme juu ya vichochoro vyetu unazijua. Waundie kititia: vipande viwili vya ukuti mbichi vilivyopishana, vikazunguka kwenye njiti ya chelewa. Ncha ya chelewa ikate butu uizungushie kitambaa, kwa ajili ya macho. Kititia hakingoji upepo. Mtoto akikimbia tu, kinazunguka.

Nakuomba usije navyo vimekwisha kuundwa. Kaa barazani pa shule uviunde mbele yao. Njoo na makuti ya ziada, babu, kwa sababu kila mmoja atadai cha pili, kisha atarudi kudai cha mdogo wake aliyeachwa nyumbani.